Mashine Shambani: Mguu wa Dereva na Gavana wa Trekta

Apitaye njia ya Timau, katika Meru, wakati wa kulima ngano, huona matrekta yakienda na kurudi juu ya mashamba mapana yaliyo ubavuni mwa Mlima Kenya, upande wa kaskazini. Akisimama kidogo na kusikiliza, atatambua jambo. Trekta moja hunguruma kwa sauti ile ile tangu mwanzo wa mfuo hata mwisho wake. Jingine hupanda na kushuka: mara linapiga kelele, mara linafifia karibu kuzimika, kisha linapiga kelele tena. Yamkini matrekta hayo mawili ni ya aina moja na umri mmoja, na plau zao ni sawa. Tofauti iko kwa madereva. Mmoja amemwachia mkono wa mafuta kazi yake. Mwenzake analima kwa mguu.

Watu wengi hudhani kwamba kanyagio la mafuta la trekta ni sawasawa na lile la motokaa, na kwamba ajuaye moja amekwisha kujua la pili. Dhana hiyo huharibu mashine na kupoteza dizeli. Na katika nchi ya mabonde na miteremko kama Meru na Embu, huweza kupoteza hata roho za watu. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe taratibu, ili mwenye trekta, na dereva wake, na hata karani wa chama anayeandika hesabu ya dizeli, wote wafahamu ni nini hasa kinachotendeka mguu unapokanyaga.

GAVANA ASIYECHAGULIWA

Katika motokaa, mguu wa dereva ndio unaopima nguvu ya injini. Akikanyaga zaidi, injini hupata chakula zaidi. Akiinua mguu, chakula hupungua. Gari likianza kupanda kilima na dereva asiongeze mafuta, mwendo hupungua. Likifika kileleni na asipunguze, mwendo huzidi. Dereva mwenyewe husikia injini, hutazama njia, na kusahihisha kwa mguu wake kila dakika.

Trekta halikutengenezwa hivyo. Kati ya kanyagio na dizeli amewekwa mlinzi wa chuma, naye huitwa gavana. Gavana huyu hakuletwa kwa meli kama magavana wa wakati wa ukoloni, wala hachaguliwi kwa kura kama wale ambao kaunti za Meru na Embu zimekuwa nao tangu mwaka 2013. Hata hivyo mamlaka yake ni makubwa, maana ndiye anayeamua injini ipewe dizeli kiasi gani.

Asili yake ni ya zamani. Wasagaji wa nafaka wa Ulaya walikuwa wakitumia vyuma vinavyozunguka ili kutuliza mwendo wa vinu vyao vya upepo. Na mwaka 1788 fundi James Watt wa Uingereza alitumia njia hiyo kutawala mwendo wa injini ya mvuke. Kanuni yake ni nyepesi. Vyuma viwili vizito hufungwa kwenye mhimili unaozungushwa na injini. Injini ikienda kasi, vyuma hivyo hutanuka kuelekea nje, kama vile jiwe lililofungwa kwenye kamba linavyotaka kuruka mtoto anapolizungusha. Vikitanuka, huvuta ufito unaopunguza dizeli. Injini ikilegea, vyuma hurudi ndani, na springi husukuma ufito upande wa pili, dizeli ikaongezeka.

Sasa, dereva anapokanyaga kanyagio la trekta la namna hii, hamimini dizeli kwenye injini. Anachofanya ni kukaza ile springi. Ni kama kwamba anamwambia gavana, “Nataka mwendo huu.” Baada ya hapo gavana mwenyewe hufanya kazi ya kuulinda mwendo huo. Plau ikiingia kwenye udongo mgumu na injini ikaanza kulemewa, gavana huongeza dizeli bila kuambiwa. Plau ikitoka mwisho wa shamba na mzigo ukapungua ghafula, gavana huikata dizeli kabla injini haijaruka kwa kasi. Mguu wa binadamu, hata uwe wa dereva hodari namna gani, hauwezi kufanya kazi hiyo upesi na kwa usawa kama vyuma vile viwili.

MKONO NA MGUU

Matrekta mengi yana njia mbili za kumpelekea gavana ombi. Ya kwanza ni mkono wa mafuta, ulio karibu na usukani au ubavuni mwa kiti, ambao dereva huusogeza nao ukabaki pale pale alipouacha. Ya pili ni kanyagio la mguu wa kulia, ambalo hurudi lenyewe mguu unapoinuliwa. Kati ya hizo mbili, mkono ndio mkubwa kwa umri. Trekta dogo la kijivu la Ferguson TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956, kwa desturi lilikuwa na mkono wa mafuta tu, bila kanyagio la mafuta. Waliolitengeneza waliona kwamba kazi ya shamba yataka mwendo mmoja usiobadilika, na mkono hutosha. Matrekta yalipozidi kuvuta trela barabarani, ndipo kanyagio la mguu lilipoonekana kuwa na faida kubwa zaidi.

Hapo pana sheria moja ambayo kila dereva hana budi kuishika: kati ya mkono na mguu, anayetaka mwendo mkubwa zaidi ndiye anayesikilizwa. Mguu waweza kuuongeza mwendo kupita pale mkono ulipowekwa, lakini hauwezi kuupunguza chini ya pale. Mkono ukiwa juu, dereva akiinua mguu wake wote, injini haitashuka hata kidogo. Sheria hii ni fupi, tena ni rahisi kuisahau. Na katika kuisahau ndiko hatari iliko.

Na uchukuliwe mfano wa chama cha wakulima kilichokopa fedha kununua trekta, kikamwajiri kijana aliyejifunza kuendesha kwenye matatu. Ni kijana mwema, leseni anayo, na hana ulevi. Lakini mguu wake umefundwa na matatu. Afikapo shambani huuacha mkono wa mafuta chini kabisa, akakanyaga kwa mguu kama alivyozoea. Ardhi ya shamba si lami. Gurudumu likipanda bonge la udongo, kiti kinaruka, mwili unaruka, na mguu unaruka pamoja nao. Kanyagio likirushwarushwa, maombi anayopelekewa gavana hubadilika kila mara: ongeza, punguza, ongeza, punguza. Trekta nalo huenda kwa kushtuka, na kushtuka kwake humrusha dereva zaidi. Jioni kijana amechoka, goti linamuuma, mifuo si sawa, na dizeli imekwisha mapema. Mwenyekiti wa chama humshuku kwamba ameiuza. Karani huandika barua. Na kumbe kosa ni la mguu mtupu.

Dawa yake ni ndogo. Dereva akiingia shambani, na achague gia ifaayo, asogeze mkono wa mafuta hata afikie mwendo wa kazi ile, kisha auondoe mguu kwenye kanyagio na kuuweka pahali pake. Gavana atafanya yaliyobaki.

SOMO LA MPUNGA

Faida ya mkono wa mafuta yaonekana wazi zaidi katika mashamba ya mpunga ya Mwea. Mradi wa Mwea-Tebere ulianzishwa katikati ya miaka ya 1950, wakati Mwea ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Embu; mifereji yake ya kwanza ilichimbwa kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Leo mashamba hayo yamo katika Kaunti ya Kirinyaga. Tangu zamani matrekta yalitumiwa huko kuvuruga udongo uliofurikishwa maji, kwa chombo kiitwacho rotaveta, chenye visu vinavyozunguka.

Visu hivyo haviendeshwi na magurudumu. Huzungushwa na mhimili mfupi ulio nyuma ya trekta, ambao madereva huuita PTO. Kwa desturi ya watengenezaji, mhimili huo umekusudiwa kuzunguka mara 540 kwa dakika, na zana nyingi zimepimwa kwa hesabu hiyo. Ili mhimili uzunguke mara 540, injini nayo hutakiwa kushika mwendo wake maalumu, ambao mara nyingi umetiwa alama kwenye saa iliyo mbele ya dereva. Alama hiyo haikuwekwa kwa pambo. Injini ikienda chini yake, visu hukokota matope badala ya kuyakata. Ikizidi sana, visu na gia za chombo huumizwa. Basi mguu unaorukaruka hauwezi kuufaa mpunga. Mkono huwekwa kwenye alama, na hapo hubaki hata kazi iishe. Kanuni ni hiyo hiyo kwa pampu ya maji, kwa mashine ya kupukuchua mahindi, na kwa kila chombo kizungushwacho na mhimili wa nyuma.

Kuna na jambo la moshi. Injini ikianza kutoa moshi mweusi mzito na sauti yake ikazama, maana yake gavana amekwisha kutoa dizeli yote aliyo nayo, na hewa haitoshi kuichoma. Kukanyaga zaidi hapo ni kazi bure. Hakuna tena cha kuongezwa. Dereva na ashuke gia moja, au apunguze kina cha plau. Kinyume chake, kazi ikiwa nyepesi, kama kuvuta haro kwenye udongo uliokwisha kulainika, si lazima injini ipige kelele. Gia moja juu na mkono wa mafuta chini kidogo hutoa mwendo ule ule wa trekta kwa dizeli pungufu, maadamu injini haitoi moshi wala haitetemeki, na hakuna chombo kinachozungushwa na mhimili wa nyuma.

TREKTA LIKITOKA SHAMBANI

Sasa kazi imekwisha, jua linatua, na yule kijana amejifunza. Siku nzima ameendesha kwa mkono, na mkono ameuacha juu. Amefunga trela lililojaa magunia, wapo na vibarua wawili waliopanda juu ya magunia hayo, jambo ambalo halikupasa kuruhusiwa. Anaingia barabarani, na mbele yake ni mteremko.

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru hukatiza mabonde ya mito mingi inayoshuka kutoka Mlima Kenya kwenda Mto Tana, kama vile Thuci, Nithi na Mutonga. Kila bonde lina mteremko wa kushuka na mlima wa kupanda. Kwenye daraja la Nithi, katika nchi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Meru na leo ni Kaunti ya Tharaka-Nithi, watu wengi wamekwisha kufa kwa miaka mingi. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilianguka bondeni hapo, na watu zaidi ya 30 wakafa. Lile lilikuwa basi, si trekta. Lakini mteremko hauulizi ni gari gani linalokuja.

Dereva wetu anaona kona, naye anainua mguu. Injini haipungui, kwa sababu mkono uko juu. Anashtuka na kukanyaga breki. Gavana, ambaye hajui habari za kona wala mteremko, huona injini inalegea, akaongeza dizeli kama alivyoagizwa. Breki zinavuta nyuma na injini inavuta mbele, zikishindana. Kijana akiingiwa na hofu hukanyaga klachi, akidhani kwamba anaikomesha injini. Kumbe hapo amelifungua trekta kutoka kwenye injini kabisa, hakuna tena kinacholizuia isipokuwa breki, na trela zito lililo nyuma linaanza kulisukuma. Hivyo ndivyo trekta linavyojikunja na trela lake, na kupinduka.

Kila hatua ya kosa hilo ingezuiliwa kabla ya kutoka shambani. Kwanza, mkono wa mafuta urudishwe chini kabisa, ili barabarani mguu peke yake ndio uagize mwendo, na kuinua mguu kuwe na maana. Pili, trekta lina makanyagio mawili ya breki, moja la gurudumu la kushoto na moja la kulia, yaliyotenganishwa ili kusaidia kukata kona mwisho wa mfuo. Yakikanyagwa barabarani bila kuunganishwa, gurudumu moja hukamatwa na lingine likaendelea, na trekta likageuka ghafula. Kipo kichuma cha kuyafunga pamoja, na kifungwe. Tatu, gia ya kushukia ichaguliwe juu ya kilima, si katikati yake, nayo iwe ile ambayo trekta lingehitaji kuupandia mlima ule. Nne, klachi isikanyagwe wala gia isitolewe wakati wa kushuka.

Wala asidhani mtu kwamba gavana atamwokoa. Gavana ana uwezo wa kunyima dizeli tu. Akiisha kuinyima yote, amefika mwisho wa mamlaka yake. Mzigo ukizidi kusukuma magurudumu, injini itazungushwa kwa nguvu kupita kiasi, na gavana hana breki ya kuushika mlima. Kushika mlima ni kazi ya gia ndogo, ya breki nzima, na ya mzigo wa kadiri.

KANYAGIO LINALOFANYA KINYUME

Kuna mashine nyingine ambayo madereva wa trekta huhamia wakitafuta mshahara mzuri zaidi, nayo ni buldoza. Watu wa Embu wanazifahamu mashine nzito tangu yalipojengwa mabwawa ya umeme katika Mto Tana: Kindaruma lililomalizika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Na kila barabara mpya inayopasuliwa huleta nyingine.

Mabuldoza mengi yana kanyagio la mguu wa kulia linalofanya kazi kinyume cha lile la trekta. Mkono wa mafuta huwekwa juu, injini ikaenda kwa nguvu yote, maana kusukuma udongo kwataka nguvu wakati wote. Kanyagio nalo ni la kupunguza. Dereva akikanyaga, injini hushuka; akiinua mguu, injini hupanda tena. Limewekwa hivyo kwa sababu nzuri: mwenye kusukuma udongo hahitaji kukanyaga mchana kutwa, bali anapotaka kugeuza gia ya mbele na ya nyuma, au kukaribia ukingo kwa taratibu, ndipo anapokanyaga.

Hebu afikiriwe sasa dereva wa trekta katika siku yake ya kwanza juu ya mashine hiyo, akikaribia ukingo wa bonde. Miaka yote mguu wake umejua kwamba kuinua ni kutulia. Akiona hatari, huinua. Na buldoza husonga mbele kwa nguvu zaidi. Hana upumbavu wowote. Ana mazoea tu. Mazoea ya mguu huwa mepesi kuliko mawazo ya kichwa, nayo hutangulia.

Mashine ya kupakia mchanga yenye magurudumu nayo ina desturi yake. Nyingi zina kanyagio la breki la kushoto ambalo, likikanyagwa, huzuia magurudumu na papo hapo huitenga gia na injini. Ndiyo maana dereva huonekana akikanyaga breki kwa mguu wa kushoto na mafuta kwa mguu wa kulia kwa wakati mmoja. Si mchezo: anasimamisha magurudumu huku akiipa injini nguvu ya kuinua ndoo. Akifanya vivyo hivyo katika gari la nyumbani ataharibu breki.

Katika mashine za siku hizi, kanyagio mara nyingi halivuti ufito wala springi. Hupeleka habari kwa waya hadi kwenye kompyuta ndogo, nayo kompyuta hushika nafasi ya vile vyuma viwili vizito. Lakini kazi haikubadilika. Dereva huomba mwendo, na gavana, awe wa chuma au wa umeme, huulinda.

KABLA YA KUMKABIDHI MTU UFUNGUO

Kwa hiyo mwenye trekta, au kamati ya chama, isitosheke kwa kutazama leseni. Dereva mpya na apandishwe juu ya mashine ikiwa imesimama kwenye uwanja ulio sawa, aonyeshe mambo matano: mkono wa mafuta uko wapi na chini yake ni upande gani, kanyagio la mguu huongeza au hupunguza, breki mbili hufungwaje pamoja, mhimili wa nyuma hufikia 540 kwenye alama ipi, na injini huzimwaje. Hili la mwisho si la mzaha, kwa kuwa katika matrekta mengi ya zamani ya dizeli ufunguo hauizimi injini; huzimwa kwa kuvuta kitufe au mkono maalumu unaokata dizeli, na mgeni asiyekijua hubaki akizungusha ufunguo bure huku mashine ikinguruma.

Mambo hayo matano hayachukui robo saa. Mkopo wa trekta huchukua miaka kulipwa, na mtu aliyeangukiwa na trela halipwi kwa fedha yoyote. Wazee walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa dereva wa trekta, mkuu huyo ni mkono wa mafuta: autazame kwanza uko wapi, ndipo auamini mguu wake.